Anapokimbizwa Dereva, Akafa Abiria: Nani Anayewajibika?

Matini ya mazungumzo kwa watumiaji wa usafiri wa barabarani, mikoa ya Shinyanga na Geita



Katika vijitabu vyetu vya mwongozo tumezoea kuwaeleza habari za tiketi, nauli, risiti na mizigo iliyopotea. Leo tunaomba kuzungumzia jambo zito zaidi, ambalo wengi hawalihesabu kabisa kuwa suala la mtumiaji wa huduma. Ni pale mtu anapofariki dunia kwa sababu chombo alichopanda, au chombo kilichomgonga, kilikuwa kikikimbizwa na gari la polisi. Msiba wa namna hiyo huzikwa pamoja na haki ya waliobaki. Watu husema kwamba ni ajali kama ajali nyingine, au kwamba Serikali haishtakiwi. Kauli ya kwanza mara nyingine ni kweli. Ya pili si kweli, na haijawa kweli kwa miaka mingi.

Tumechagua kulisema jambo hili katika mikoa hii kwa sababu maisha ya huku yanatembea juu ya pikipiki. Mchimbaji anayetoka Kahama kwenda Kakola, mama anayepeleka mchele mnada wa Katoro, mgonjwa wa Rwamgasa anayewahi hospitali usiku, wote hao wamepanda bodaboda. Pikipiki hizo nyingine hazina bima, nyingine zina madereva wasio na leseni, na hiyo ndiyo sababu dereva akiona kizuizi mbele yake hugeuza na kukimbia. Askari naye akiona mtu anakimbia, humfukuza. Kati ya hao wawili ameketi mtu wa tatu, aliyelipa nauli yake, ambaye hakuulizwa kama anataka kukimbia.

Tuchukue mfano tuliouunda wenyewe. Mwanamke amepanda bodaboda akitoka mnadani jioni. Askari waliomo ndani ya gari la polisi wanamsimamisha dereva kwa kosa la kutovaa kofia ngumu. Dereva anakata kona na kuingia njia ya vumbi. Gari linamfuata kwa kasi, limewasha taa kubwa, katikati ya watu wanaofunga biashara zao. Pikipiki inamgonga kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli, kisha inatumbukia mtaroni. Kijana na abiria wanafariki. Dereva anavunjika mguu. Gari la polisi halikuigusa pikipiki hata mara moja.

Hapa kuna watu watatu, na sheria haiwatazami kwa jicho moja. Dereva aliyekimbia ana shida kubwa ya kudai, kwa kuwa madhara yake ameyachangia mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Abiria hakukimbia, alikuwa mzigo wa mtu anayekimbia. Kijana wa baiskeli hakuwa na habari yoyote. Mnapoambiwa kituoni kwamba mwenye kosa ni yule dereva kwa sababu alikaidi amri, tafadhali kumbukeni tofauti hii. Kosa la dereva ni la dereva. Halihamii kwa aliyekaa nyuma yake, wala kwa mpita njia.

Je, askari naye anaweza kuwajibika? Sheria yetu ya madhara, yaani ile inayohusu fidia kwa aliyeumizwa na uzembe wa mwingine, imetokana kwa sehemu kubwa na sheria ya Uingereza iliyopokelewa nchini, kwa tarehe ya mpaka ya 22 Julai 1920. Hukumu za baadaye za mahakama za huko hazizifungi mahakama zetu, lakini husomwa na kuzingatiwa. Mwaka 1959, katika kesi ya Gaynor dhidi ya Allen, askari wa pikipiki akiwa kazini alizidisha mwendo na kumgonga mtembea kwa miguu. Sheria ya nchi hiyo ilimruhusu askari kuvuka kikomo cha mwendo. Mahakama ikasema kwamba ruhusa hiyo humwondolea kosa la mwendo tu. Wajibu wa kuwa mwangalifu kwa watumiaji wengine wa barabara unabaki vilevile alio nao dereva wa kawaida. Mwaka 1983, katika Marshall dhidi ya Osmond, mtu aliyekuwa ndani ya gari lililokuwa likiwakimbia polisi alidai fidia baada ya kugongwa na gari lao aliposhuka ili atoroke. Alishindwa. Mahakama iliona kwamba askari anayemfukuza mshukiwa hupimwa kwa mazingira ya wakati ule, na kwamba kukosea kidogo katika pilikapilika si lazima kuwe uzembe. Kisha mwaka 2018, katika kesi ya Robinson, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikathibitisha kwamba polisi waliomwangusha mwanamke mpita njia walipokuwa wakimkamata mtu mwingine walipaswa kumlipa.

Tumezitaja kesi hizi tatu pamoja kwa makusudi, maana zinasomwa vibaya kila moja ikisomwa peke yake. Kumfukuza mhalifu ni kazi halali ya polisi, na kifo kilichotokea wakati wa kufukuzana hakimfanyi askari kuwa mkosaji papo hapo. Kinachoulizwa ni namna alivyofukuza: kosa lililofukuzwa lilikuwa na uzito gani, mahali palikuwa na watu au porini, ilikuwa saa ngapi, king'ora kililia, na je, namba ya chombo ilikuwa imekwisha kuonekana kiasi kwamba mtu angeweza kukamatwa kesho yake nyumbani kwake bila hatari kwa yeyote?

Nasi wa Usukumani hatuhitaji kwenda London kulielewa hilo. Yowe likipigwa usiku kwamba ng'ombe wameibwa, kijiji kizima hutoka, na sungusungu walioanzia pande za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijijengea heshima kwa kufuata nyayo hadi mwisho. Lakini hakuna mzee aliyewahi kupiga yowe la namna hiyo kwa sababu kijana amepita bila kofia. Uzito wa kinachofukuzwa ndio unaopima hatari inayoruhusiwa kuwekwa juu ya watu wasiohusika, na hicho ndicho kipimo ambacho wakili wa familia atamwomba jaji akitumie.

Jibu mtakalolisikia mara nyingi zaidi ni hili: gari letu halikuigusa pikipiki. Jibu hilo lina nguvu, lakini halifungi mlango. Mtu anaweza kusababisha kifo bila kugusa, kama anayemwogofya punda aliyebeba mtoto. Swali la mahakama litakuwa kama mtu mwenye busara, akiwa kwenye usukani wa gari lile, angeona mbele kwamba kufuata namna ile mahali pale kungeweza kumwangusha au kumgonga mtu. Hatutawaficha kwamba kuthibitisha hilo ni kazi ngumu, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai.

Sasa tuje kwenye kushitaki Serikali. Askari akifanya uzembe akiwa kazini, mwajiri wake ndiye hubeba dhima ya kulipa, na msingi huo umo katika Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, iliyotungwa mwaka 1967. Yapo mambo mawili ya historia tunayopenda yajulikane. Kwa muda mrefu, baada ya marekebisho ya mwaka 1974, mwananchi hakuweza kuishitaki Serikali bila kibali cha Waziri. Yaani uliomba ruhusa kwa yule yule unayemlalamikia. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilitamka kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha kibali kuwa taarifa ya siku 90. Kwa hiyo taarifa mnayotakiwa kuiandika leo si ombi. Ni taarifa tu kwamba mnakuja.

Jambo la pili ni la Luteni Jenerali Imran Kombe, aliyewahi kuongoza Idara ya Usalama wa Taifa. Mwaka 1996 aliuawa kwa risasi mkoani Kilimanjaro na askari polisi waliokuwa wakisaka gari la wizi. Mjane wake, akiwa msimamizi wa mirathi, alifungua shauri la madai dhidi ya Mwanasheria Mkuu, na shauri hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani. Ile ilikuwa risasi, wala haikuwa ajali ya barabarani. Lakini njia aliyoipita mjane huyo, ya kuwa msimamizi kwanza na kumshitaki Mwanasheria Mkuu baadaye, ndiyo njia ile ile ambayo mjane wa Runzewe au wa Mwakitolyo anatakiwa kuipita. Cheo cha marehemu hakibadilishi utaratibu.

Mwanzo wa njia hiyo uko nyumbani. Chini ya Sheria ya Mabadiliko ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo, Sura ya 310, dai la wategemezi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba ya mume au mke, watoto na wazazi wa marehemu. Basi baada ya matanga ukoo ukutane, uandike muhtasari, umteue mtu mwaminifu, kisha aende Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo. Tunasema mtu mwaminifu kwa sababu fedha atakayoipokea si yake. Mahakama hugawa kila mtegemezi fungu lake, na fungu la mtoto mdogo ni la mtoto, hata kama baba mdogo ndiye aliyesafiri mara kumi kwenda Shinyanga mjini.

Halafu kuna saa inayokimbia kimyakimya. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya kawaida ya madhara. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa mwaka 1 tu kwa dai la fidia linalotokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa madai kwamba ni utekelezaji wa sheria. Mawakili wa Serikali wana haki ya kusema kwamba askari aliyekuwa akifukuza alikuwa akitekeleza sheria, na wakikubaliwa, mliongoja mwaka wa pili mmekwisha. Ushauri wetu ni kuhesabu mwaka 1 tangu siku ya tukio na kuusahau ule mwingine. Ndani ya mwaka huo kuna mirathi, ambayo peke yake huchukua miezi, na kuna siku 90 za taarifa. Anayeanza mwezi wa nane amechelewa.

Taarifa yenyewe iandikwe kwa ofisi inayohusika, ambayo hapa ni Jeshi la Polisi kupitia kwa Inspekta Jenerali, na nakala zipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Ieleze nani alikufa, lini, wapi, gari gani, uzembe upi, na mnadai nini. Mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo mtabishana miaka. Siku 90 zikipita bila suluhu, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, si mahakama ya wilaya, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 ni lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa. Shauri linaloacha jina lake huanguka, hata likiwa na ushahidi wa kutosha.

Ipo pia bima, ambayo mara nyingi ni njia fupi zaidi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu mwenye chombo kukatia bima ya madhara kwa watu wengine. Familia ya kijana wa baiskeli katika mfano wetu inaweza kuidai kampuni iliyokatia bima pikipiki, kwa kuwa dereva wake naye alikuwa mzembe, na hilo halizuii kuidai Serikali kwa sehemu yake. Mahakama inaweza kugawa lawama kati ya wakosaji. Kwa abiria kuna mtego. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi lakini ikabeba abiria wa kulipa huipa kampuni sababu ya kukataa. Kwa hiyo kabla ya kupanda chombo unachokitumia kila siku, muulize dereva bima yake ni ya biashara au ya binafsi. Bima ikiwa hai inaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na hata simu ya mjukuu wako inatosha kwa kazi hiyo.

Kampuni ikikataa, msikubali jibu la mdomo. “Mlipanda mishikaki, hamna dai,” ni maneno rahisi kutamkwa kaunta. Waombeni wayaandike, kisha mpeleke barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kupanda watatu kunaweza kupunguza fidia. Si kila mara kunaiondoa.

Katika ukanda wa dhahabu kuna swali jingine ambalo wilaya za kilimo hazina: askari anapokuwa ndani ya gari la kampuni. Migodi mikubwa huwa na makubaliano na Jeshi la Polisi kuhusu ulinzi, na magari yanayotumika si ya Serikali siku zote. Mwaka 2020 wakazi wa jirani na mgodi wa North Mara, mkoani Mara, walifungua madai mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza dhidi ya kampuni zinazohusika na mgodi huo, na miongoni mwa madai hayo kulikuwa na kifo cha mtoto wa kike wa miaka 9 aliyegongwa na gari la mgodi lililodaiwa kuendeshwa na polisi. Kampuni zilikana kuwajibika. Tunalitaja ili mjue kwamba swali la nani mwenye gari na nani mwenye askari linaweza kuulizwa mahakamani, na kwamba majibu yake yanaweza kuwa mawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunawasihi, kabla ya yote, muandike namba. Gari la polisi lina namba zinazoanza na PT. Likiwa na namba za kawaida za T, lina mwenyewe mwingine, na yawezekana lina bima.

Pamoja na namba, tafuteni majina na simu za walioona siku ile ile, hasa wenzake wa kijiweni, maana baada ya wiki moja watakuwa wametawanyika kwenye mashimo mengine ya Nyarugusu au Chunya. Pigeni picha alama za matairi kabla mvua haijanyesha. Ombeni nakala ya fomu PF 90, ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa vyombo, pamoja na taarifa ya daktari kuhusu chanzo cha kifo. Askari akishitakiwa kwa jinai na kutiwa hatiani, hukumu hiyo itawasaidia katika dai lenu. Lakini dai halisubiri jinai, na ule mwaka 1 haujali kama upelelezi umekamilika.

Kuhusu rambirambi tungependa kusema kwa upole, kwa kuwa inatolewa wakati wa machozi. Mwenye pikipiki akileta gunia la mchele, au maofisa wakichangia jeneza na usafiri wa mwili, pokeeni na kushukuru. Ndiyo desturi yetu, na hakuna ubaya ndani yake. Karatasi inayoletwa pamoja na jeneza ni jambo jingine. Kama imeandikwa kwamba familia haitadai chochote mbele ya safari, asiiweke sahihi mtu yeyote, wala dole gumba, hata kama inasemekana ni ya kuthibitisha kupokea tu. Mwambieni aliyeileta kwamba ukoo haujamteua msimamizi, na ambaye si msimamizi hana mamlaka ya kusamehe fungu la watoto.

Mwisho wa shauri, familia ikishinda, msitegemee kumtuma dalali akakamate gari la polisi. Sheria hairuhusu mali ya Serikali kukazwa hukumu kwa namna hiyo. Mahakama hutoa hati inayothibitisha kiasi kinachodaiwa, hati hiyo hupelekwa kwa Serikali, na malipo hufuata utaratibu wa hazina. Huchukua muda, na msimamizi anapaswa kuufuatilia kwa barua zenye tarehe.

Asiye na fedha ya wakili aende kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake itamwelekeza walipo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa askari yanaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ila Tume hiyo hutoa mapendekezo, na kupeleka barua kwake hakusimamishi ule mwaka 1. Aje na cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo, namba ya gari na tarehe ya tukio. Kama hana kingine chochote, basi aje na tarehe.